Maktaba ya chuo kikuu ikihamia kijiweni: Masasi na Newala watanufaika vipi?

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania (OUT) kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili mtu asome bila kuacha kazi wala kuhama nyumbani. Mwalimu wa Newala anaingia darasani asubuhi, jioni anageuka mwanafunzi. Masomo yanamfuata alipo. Kasheshe iko kwenye vitabu.

Makao makuu ya OUT yako Kinondoni, Dar es Salaam, na kituo cha mkoa kiko Mtwara mjini. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi ina urefu wa kilomita 210 hivi, kwa hiyo kurasa kumi tu za rejea zinaweza kumla mtu nauli na siku nzima ya kazi. Asiyeweza kwenda anabaki na noti za kwenye grupu la WhatsApp, nyingine hata aliyeziandika hajulikani. Hapo ndipo maksi zinapopotea.

Kuwafuata wasomaji si jambo geni nchini. Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyotokana na sheria ya 1963, iliwahi kupeleka vitabu vijijini kwa magari. Uingereza, wakutubi wa Chuo Kikuu cha Huddersfield walibeba tableti wakawafuata wanafunzi kwenye majengo mengine ya chuo, badala ya kuwasubiri kaunta.

Kwa Masasi na Newala, mahali pa kukutana ni steshenari, chumba cha walimu, kijiwe cha kahawa na hilohilo grupu la WhatsApp. (Msimu wa korosho, kijiweni ni bei ya mnada tu, mkutubi atafute siku nyingine.) Mkutubi akiwa ndani ya grupu, mtu anauliza, "Naombeni rejea za uongozi wa shule," anajibiwa kwa majina mawili matatu ya makala na linki zake. Jibu hilo halili bando. Ila lazima awepo saa tatu usiku, mwalimu akishamaliza kusahihisha madaftari.

Vya kusoma vipo vingi. Hazina ya mtandaoni ya OUT ina tasnifu za wahitimu wake, na yeyote anaweza kuzisoma bure. Tovuti ya AJOL, iliyoanza 1998, inakusanya majarida ya kitaaluma ya Afrika, na mengi hayalipiwi. Research4Life ni tofauti kidogo: chuo au taasisi ndiyo inayosajiliwa, kisha mwanafunzi anaomba nywila maktaba. Wengi hukwama hapa, na ujumbe mmoja kutoka kwa mkutubi ungemaliza shida.

Tatizo lingine ni uzito wa mafaili. Tasnifu iliyoskaniwa inaweza kufika makumi ya MB, na mtandao ukiwa wa kusuasua inagoma katikati. Njia rahisi ni mmoja kuipakua steshenari, wenzake wakaichukua kwa flashi au Bluetooth. Kwa makala zenye leseni huria hiyo inaruhusiwa. Vitabu vya mtandaoni ambavyo chuo kimelipia ni habari nyingine: hivyo kila mwanafunzi anaingia kwa nywila yake mwenyewe, na kuvimwaga kwenye grupu kunaweza kuvunja mkataba wa maktaba na mchapishaji.