Masimango na Ukumbusho: Santuri za Mbaraka Mwinshehe

Mwaka 1973 Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz, bendi iliyomkuza chini ya milima ya Uluguru na kumfikisha Osaka, Japani, kwenye Maonyesho ya Dunia ya 1970. Akaunda Super Volcano.

Zama hizo Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Nyimbo zake zilitolewa Kenya, nyingi katika santuri ndogo za nyuso mbili. Wimbo mrefu ulikatwa: mara nyingi uso wa kwanza ulibeba maneno, wa pili ukaachiwa magitaa. Mtunzi alilazimika kukamilisha hoja kabla santuri haijageuzwa, kama mshairi anavyobanwa na mizani.

Tuchukue anwani moja, “Masimango”. Kumsimanga mtu ni kumkumbusha, kwa kumdhalilisha, wema uliomtendea. Neno moja limebeba kisa kizima.

Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari, Mombasa, akiwa na miaka 34. Baada ya kifo chake nyimbo zikakusanywa katika santuri kubwa zilizoitwa Ukumbusho.

Nionavyo, majina haya mawili yanajibizana. Yote yanakumbusha, lakini masimango hudai malipo, ukumbusho hulipa deni. Mpangilio wa santuri hizo haukuwa wa Mbaraka, ila kila wimbo ulikuwa umekwisha kutimia peke yake. Ndiyo maana sisi wapenzi wa ushairi twaweza kuusoma kila mmoja kama utungo kamili.