Sikukuu za Shule na Wenyewe

Wengi hudhani sikukuu ya shule ni mchezo wa watoto tu. Lakini tukizitazama tangu zamani, twaona kila siku iliyoadhimishwa ilionyesha shule ni ya nani.

Zamani za Waingereza, tarehe 24 Mei ilikuwa Siku ya Dola: watoto walipangwa safu wakaisalimu bendera ya mfalme aliye mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ile ikashushwa. Mwezi wa Novemba 1974 Azimio la Musoma likataka kila mtoto apate elimu ya msingi kabla ya mwaka wa 1977 kwisha; wazazi wakajenga madarasa kwa mikono yao, nao wakaingia uwanjani si kama wageni, bali kama wenye shule. Na tangu mwaka wa 1991 twaadhimisha tarehe 16 Juni, tukiwakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka wa 1976.

Huku Chamazi, mbele ya Mbagala, mashamba yamegeuka mitaa, na watu wametoka mikoa mingi. Siku ya mahafali ya darasa la saba ndipo majirani waonanapo, kwa ngoma, ngonjera na pilau. Michango ya lazima ilikatazwa tangu Januari 2016. Walakini fulana na chakula vyataka fedha, na mtoto wa maskini huona haya, akabaki nyumbani.

Basi yatupasa kuangalia sana. Mwenye nacho na aongeze sufuriani, ili asiachwe hata mmoja nje ya lango. Wazazi wake nao ni wenye shule.