Kipimajoto cha Urey
Mwaka 1951, Harold Urey na wenzake wa Chicago walichapisha habari za belemnaiti, jamaa wa kale wa ngisi, aliyetoka kisiwa cha Skye, Uskoti. Walilikwangua gamba lake la ndani, lenye umbo la risasi, tabaka kwa tabaka, wakapima oksijeni nzito, ambayo huzidi maji yakiwa baridi. Wakasoma humo viangazi vitatu, vipupwe vinne, na kifo wakati wa machipuko. Sisi tunaohangaika na nyaraka zilizoliwa na mchwa tunaona wivu! Ila walichukulia kwamba maji ya kale yalikuwa na oksijeni nzito kiasi kinachojulikana. Mwaka 1967 Nicholas Shackleton alionyesha kwamba, katika magamba ya zama za barafu, sehemu kubwa ya mabadiliko yaliyohesabiwa kuwa ya joto yalitokana na barafu iliyorundikana nchi kavu.