Yarrow Mamout: Muislamu katika Karatasi za Marekani

Yarrow Mamout, Mfulani kutoka Afrika Magharibi, alifikishwa Maryland utumwani mwaka 1752, Marekani ikiwa bado koloni la Waingereza. Tunamfuata kwa karatasi. Bwana wake alimwahidi uhuru akimaliza kufyatua matofali ya nyumba. Bwana akafa, mjane akatimiza ahadi, na hati ikaandikwa mwaka 1796. Mwaka 1800 akanunua kiwanja Georgetown. Watu walidai ana miaka 140! Charles Willson Peale, aliyemchora mwaka 1819, alimuuliza mjane yule, akabaini ni themanini na kitu tu. Yarrow alifariki mwaka 1823. Tanzia yake ilisema amezikwa pembeni mwa bustani yake, pale alipozoea kuswali. Mwaka 2015 wanaakiolojia walichimba kiwanja hicho, kaburi halikuonekana.