Kutoka Njia ya Misafara hadi Mtandao: Tabora na Historia ya Maudhui ya Kiswahili

Utangulizi

Katika mijadala ya leo kuhusu vyombo vya habari vya kidijitali, neno "maudhui" hutajwa kana kwamba lilizaliwa pamoja na kompyuta. Historia ya Tabora inaonyesha vinginevyo. Katika karne ya 19, mji huo wa Unyanyembe ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Pembe za ndovu zilipelekwa pwani, pamoja na watu waliotiwa utumwani. Nguo, shanga na bunduki zilipelekwa bara. Kiswahili nacho kilisafiri. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba lugha hii imekua kila mara watumiaji wake walipokitwaa chombo kipya na kukitia maneno yao, ingawa hifadhi ya maneno hayo mara nyingi imebaki mikononi mwa wengine.

Msamiati wa njiani

Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Kwao Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani, bali lugha ya kambi, soko na safari. Kazi hiyo iliacha maneno yaliyoishi kuliko misafara yenyewe. "Hongo" ilikuwa ada ambayo msafara ulimlipa mtemi ili upite katika nchi yake. Leo ni rushwa. "Posho" ilikuwa chakula cha mpagazi, au nguo aliyopewa akanunulie chakula. Leo mtumishi wa serikali hulipwa posho ya safari, na nchini Uganda posho ni ugali. Hakuna kamati iliyopitisha mabadiliko hayo. Yaliamuliwa na matumizi.

Kutoka simulizi hadi chapa

Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na mizizi Tabora: baba yake alifanya makao huko na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Uzeeni, mfanyabiashara huyo aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Heinrich Brode aliziweka katika hati za Kirumi, akazifasiri kwa Kijerumani, nazo zikachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Hivyo moja ya tawasifu za kwanza za Kiswahili ilitoka katika mji ambao wasomaji wa lugha hiyo walikuwa wachache mno.

Aidha, matini hayo ni ya mwenye msafara. Mpagazi aliyebeba pembe na mtumwa aliyefungwa minyororo wamo ndani yake kama watu wanaosimuliwa, hawasimulii. Ni pengo ambalo mwanaisimu hawezi kulipuuza anapotumia matini hayo kama kielelezo cha Kiswahili cha bara.

Karne ya 20 ilileta mitambo ya kuchapa hadi Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, ambako Kanisa Katoliki lilichapa vitabu vya Kiswahili. Safari hii maandishi yalitoka bara yenyewe.

Zama za kompyuta

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu na maelekezo ya Kiswahili. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa leseni ya programu hizo ilimruhusu yeyote kuzibadili. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Kuhusu istilahi, matumizi yaliamua tena: wataalamu walipendekeza "tarakilishi" na "rununu", lakini Watanzania walio wengi husema "kompyuta" na "simu ya mkononi".

Hitimisho

Ubunifu, basi, si mgeni katika njia hii. Kinachotia shaka ni hifadhi. Maandishi na sauti nyingi za Kiswahili cha leo zinawekwa katika mitambo ya kampuni za ng'ambo, na kampuni ikifunga huduma, maudhui hayo yanaweza kutoweka. Vyuo, maktaba na redio za mikoani zina wajibu wa kurekodi simulizi za wazee wa Tabora, kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi, na kubaki na nakala zake. Bila hivyo, watafiti wa kesho watakisoma Kiswahili cha bara kupitia nakala za watu wengine, kama ilivyotokea Berlin.