Tanga: Jina Lile Lile, Maneno Mengine

Bombay iligeuzwa jina ikawa Mumbai mwaka 1995, Madras ikawa Chennai mwaka uliofuata, na Calcutta ikawa Kolkata mwaka 2001. Huko India, mji ukitaka kumkana aliyeutawala huanza na ubao wa jina. Tanga haikupita njia hiyo. Ametawala Mjerumani, akaja Mwingereza, ikapata hadhi ya jiji mwaka 2005, na jina ni lile lile. Kilichobadilika ni msamiati ulioota kando ya jina hilo, na kwangu mimi historia ya Tanga imo humo zaidi kuliko kwenye minara ya kumbukumbu.

Tuanze na shule. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani walifungua Tanga shule yao ya kwanza ya serikali katika koloni hili. Walitaka makarani, wakalimani na walimu, na lugha waliyoichagua kwa kazi hiyo ni Kiswahili. *Schule* yao ikatamkwa kipwani, ikawa shule. Vijana waliohitimu wakapelekwa bara, na popote walipofika na kalamu, neno lilifika nao. Ng'ambo ya mkondo, Pemba na Unguja, mtoto anakwenda skuli, kwani huko mtawala alikuwa Mwingereza. Ukitoka Tanga kwa chombo hadi Wete umevuka mpaka wa wakoloni wawili, na mpaka huo bado upo vinywani mwa watoto wenye mikoba. Hela nayo ina asili hiyo hiyo: ni Heller, sarafu ndogo ya Mjerumani. Sarafu ilishakufa, neno linanunua samaki sokoni hadi leo.

Halafu kuna Toten, kisiwa kilichoko mbele ya bandari. Kina magofu ya misikiti, maana Waswahili waliishi pale, wakaswali na kuzikana. Mjerumani akakiita kwa lugha yake Kisiwa cha Wafu. Neno *Toten* limebaki, na wengi wanaolitaja hawajui kwamba wanataja wafu.

Lakini msamiati mzito wa Tanga umetoka kwenye mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, na iliyofika hai pwani yetu ilikuwa 62 tu. Ikapandwa karibu na Pangani, ikazaa mashamba yaliyofunika Muheza, Korogwe na kwingineko. Msikilize mtu aliyekulia mashambani humo, hachanganyi maneno: mkonge ndio mmea, hukatwa, singa ndizo nyuzi zinazotolewa ndani ya jani, huanikwa juani, korona ni mtambo unaoyasaga majani. Akikwambia baba yake alifanya kazi korona, usidhani anazungumzia ugonjwa. Neno hilo lilizoeleka mashambani miaka mingi kabla ya janga la 2020.

Na kuna kipande. Kilikuwa kadi yenye nafasi 30, kila moja ya siku moja ya kazi. Mkataji alipewa kiasi chake cha siku, mafungu ya majani, kila fungu majani 30, na ncha zenye miiba zimeshaondolewa. Akikimaliza, kadi inatiwa alama. Asipokimaliza, siku imepotea. Mshahara ulitoka nafasi zote zikijaa, hata kama kuzijaza kulichukua zaidi ya mwezi wa kalenda. Ndiyo maana mashambani muda wa kazi ulihesabiwa kwa vipande.

Aliyeshika kadi hiyo aliitwa manamba. Ni namba tu, iliyowekwa mahali pa jina la mtu. Walitoka Kigoma, Songea, Urundi na Msumbiji, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya pamoja ya kuwakusanya, SILABU. Leo naona waandishi wakilikwepa neno hili. Wanaandika "wafanyakazi wa mashamba ya mkonge", maneno safi yasiyomuudhi mtu. Silikubali kabisa badiliko hilo. Manamba lilikuwa neno la dharau, na dharau hiyo ni sehemu ya habari yenyewe: anayelifuta anamfutia lawama aliyelitunga. Kenya limehamia kwenye matatu, kwa kijana anayeita abiria. Tanga limebaki kwa wazee.

Wenyeji wana msemo kuhusu mji wao: Tanga, waja leo waondoka leo. Manamba hawakuondoka. Waliooa walioa hapa, waliofariki walizikwa hapa, na wajukuu wao wanazungumza kwa lafudhi ya Tanga, na hukukosoa ukikosea neno. Uzalishaji wa mkonge nchini ulipita tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya 1960, kisha kamba za nailoni zikauangusha, na utaifishaji wa 1967 ukakuta bei imeshaanza kushuka. Mashamba mengi yaligeuka vichaka, lakini waliokuja kukata mkonge wakawa ndio Watanga.

Sasa msamiati mwingine unaingia kwa upande wa kaskazini, Chongoleani. Tarehe 5 Agosti 2017 Rais Magufuli na Rais Museveni waliweka huko jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Limekuja na matenki, gati na mkuza wa bomba. Wakulima waliopitiwa shambani wanalo la kwao, na ndilo wanaloulizana kwanza: fidia.