Depite wetu anauliza nini Kinshasa?

Kila depite wa taifa akifika Kalemie wakati wa likizo ya Bunge, watu wanamuonyesha shida zao. Pale Katanika iko shida ya wakimbizi wa ndani, waliokimbia mapigano ya Watwa na Waluba. Wengine wanalia ju ya barabara na maji ya ziwa yanayopanda. Wengine wanamuomba mabati. Lakini mbunge hana sanduku la pesa za kujenga. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kukagua serikali. Chombo chake ni swali.

Kwanza tutofautishe. Jimbo la Tanganyika lilizaliwa mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa, na liko na bunge lake hapa Kalemie. Hilo ndilo linamuuliza gavana na mawaziri wake. Bunge la taifa liko Kinshasa, na viti 500. Mambo ya jeshi, ya barabara ya taifa namba 5 ao ya reli ya SNCC inayoenda Kabalo yanapelekwa kule.

Kifungu cha 138 cha Katiba ya 2006 kinampa mbunge njia nyingi: swali la kuandika, swali la mdomo lenye mjadala ao bila mjadala, kumwita waziri ajieleze, na tume ya uchunguzi. Waziri akishindwa kujibu vizuri, wabunge wanaweza kuleta mosyo ya kumuondoa. Serikali nzima pia inaweza kuanguka: tarehe 27 Januari 2021, wabunge 367 walipiga kura ya kuangusha serikali ya Waziri Mkuu Ilunga Ilunkamba.

Jambo lingine: kifungu cha 101 kinasema depite anawakilisha taifa lote. Ndiyo sababu mutu aliyechaguliwa kwetu anaweza kusimama ju ya jambo la nchi nzima. Charles Mwando Nsimba, mbunge wa Moba, alikuwa waziri wa ulinzi, halafu makamu wa kwanza wa spika. Mwezi Septemba 2015, yeye na viongozi wenzake wa G7 walimuandikia Rais Joseph Kabila, wakidai Katiba iheshimiwe na asipite mihula miwili. Baada ya hapo hakubaki tena katika uongozi wa Bunge. Alifariki Desemba 2016. Katiba inamlinda mbunge asishtakiwe ju ya maneno ao kura yake Bungeni, lakini haimlindii cheo.

Sasa mkaaji wa Katanika afanye nini? Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kuandika ombi, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Hakuna anayeruhusiwa kumshtaki mutu ju ya hilo. Andikeni shida moja, mahali, tangu lini, na familia ngapi zinaumia. Mpeni depite nakala mbele ya tarehe 15 Septemba, ju siku hiyo kikao cha bajeti kinafunguliwa na kinaendelea mpaka 15 Desemba.

Halafu akirudi likizo, musimuulize kwanza mabati. Mumuulize: swali letu uliliuliza siku gani, na waziri alijibu nini?